Mwaka Nilioosha Kibuyu cha Perisi

Tulimzika Eunike mwezi uliopita kule Gitothua. Kijana aliyekuwa akiongoza shughuli aliniinamia sikioni akaniambia, "Shosho, tafadhali, dakika mbili tu. Programu imechelewa." Dakika mbili! Nilimjua Eunike tangu nikiwa na miaka kumi na saba, na sasa nimepita themanini, halafu napewa muda usiotosha hata kuchemsha yai. Nilisimama, nikasema alikuwa mtu wa maombi, kwa sababu wote walionitangulia walikuwa wamesema hivyo, nikaketi. Njiani kurudi Membley, mwanangu akiendesha gari na kuniuliza kama nimechoka, nilikuwa nimejikasirikia kwelikweli. Eunike kuomba aliomba, lakini maombi yake yalikuwa mafupi, na mara nyingi alisinzia katikati. Alichokuwa nacho ni masomo. Hakuweza kupepeta maharagwe bila kumkuta Bwana ndani ya ungo. Ukimwambia sindano imepotea, atakupa somo. Ukiipata, atakupa la pili. Kwa hiyo nimeketi hapa mezani kuandika yale yasiyoingia katika dakika mbili: mwaka mmoja tu, ule nilioishi chumbani kwake, na jambo nililomfanyia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wajukuu wangu Kikuyu wanakisikia tu, kukisoma hawawezi, na aibu hiyo ni ya wazazi wao, si yangu.

Habari za kwetu nitaziruka. Itoshe kusema kwamba ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, na mimi sikuwa na mahali pa kukaa. Mzee mmoja wa kanisa, Mzee Zakaria, aliyekuwa akizunguka mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika kwa baiskeli yake nyeusi, alinipeleka kwa Eunike na kumwambia, "Huyu ni Wambui. Hana neno na mtu, na anajua kusoma." Eunike alinitazama kuanzia nywele hadi nyayo, akasema, "Basi atanisomea," na mambo yakaishia hapo. Alikuwa na miaka ishirini na minane hivi. Mumewe alikuwa kizuizini, mwaka wa tatu sasa, na barua zake zilikuja zimekatwakatwa kwa mkasi hadi zikabaki salamu tu. Chumba chake kilikuwa cha nne katika laini ya wafanyakazi, chumba kimoja chenye kuta za udongo na paa la bati, kitanda cha mbao upande mmoja, mafiga matatu katikati, na kamba ya nguo iliyokatiza juu ya vichwa vyetu. Ukitaka kusimama wima ilibidi uchague mahali. Ukutani alikuwa amebandika kurasa za gazeti, na kwa kuwa yeye hakujua kusoma, nusu yake zilikuwa zimepinduliwa kichwa chini. Nilipomwambia, alicheka sana, kisha akasema tuziache vivyo hivyo, kwani Mungu naye hutusoma tukiwa kichwa chini. Hilo lilikuwa somo la kwanza. Sikujua kwamba yangefuata mia.

Kazi yetu ilikuwa kwenye chanja za waya ambako kahawa ilianikwa baada ya kuoshwa. Tulisimama safu mbili, wanawake tupu, tukiigeuzageuza kwa mikono na kuchagua mbovu, zile nyeusi na zile zilizovunjika, na jua likiwa kali sana tuliifunika kwa magunia isije ikapasuka. Asubuhi ilikuwa imelowa na kunata kidogo; jioni ilisema chini ya kiganja, kama changarawe. Eunike alinifundisha kuijua kwa kuisikiliza. "Hii bado," angesema. "Inasema bado. Usiiharakishe." Halafu, kabla sijavuta pumzi, "Hata sisi Mungu hutugeuza hivihivi, upande huu, upande huu." Na upande wa pili wa chanja angejibu Perisi, bila hata kuinua macho: "Mimi ameshanichoma upande mmoja. Mwambie anigeuze." Wanawake wote wangeangua kicheko mpaka nyapara apige filimbi. Perisi alikaa chumba cha tano, ukuta mmoja na wetu, na hakukuwa na siku aliyoamka bila kuugonga ukuta ule kwa ngumi na kuuliza, "Mmelala ama mmekufa?" Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa hasira, mwepesi zaidi wa kicheko, mwenye binti mmoja wa umri wangu na mume asiyesema. Mumewe Eunike alipochukuliwa, Perisi ndiye aliyelala naye sakafuni wiki mbili nzima asije akawa peke yake. Nilisimuliwa hayo na wengine. Wao wenyewe hawakuyataja kamwe. Waligombania kuni na kuibiana chumvi kama ndugu wa tumbo moja.

Sasa niwaeleze kuhusu kadi, maana mjukuu wangu alipoisikia alidhani nasema kadi ya benki. Mwaka ule kila mtu alikuwa na karatasi. Ulikuwa na kipande, yaani kitambulisho chako, ulikuwa na pasi ya kutoka Ruiru kwenda Thika, na ukikutwa huna ulijuta. Lakini kulikuwa na karatasi moja ambayo watu waliipenda, kadi ndogo ya kanisa. Mara nne kwa mwaka kulikuwa na Meza ya Bwana katika kanisa la mawe kule Thika, na wiki ya Meza Mzee Zakaria alizunguka laini zote na kopo la biskuti lililojaa kadi zenye majina. Aliingia kila nyumba, akaketi, akanywa chai, akauliza swali moja tu: "Una neno na mtu?" Kama huna, alikupa kadi yako, na Jumapili uliitoa mlangoni ukaruhusiwa kubaki kwa mkate na kikombe. Kama unalo neno, kadi ilibaki ndani ya kopo mpaka umalizane na mwenzako. Hapakuwa na ujanja. Mzee Zakaria alikuwa na subira ya punda na masikio ya sungura, na kuta za laini zilikuwa nyembamba. Mimi sikuwa na kadi kwa sababu sikuwa nimebatizwa. Nilikuwa katika darasa la ubatizo, tukikariri maswali na majibu, na nilitazamiwa kubatizwa siku ya Meza ya Oktoba, Eunike akiwa mdhamini wangu, amesimama nyuma yangu na mkono begani. Nilikuwa nimekwisha chagua jina. Loisi. Nilijiandikia jina hilo kwa mkaa juu ya figa, Eunike akalifuta na kuniambia mwizi wa jina angoje kupewa.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Ruiru inayoingia mpaka kwenye meno, na posa ilikuwa inamjia binti ya Perisi. Wazazi wa kijana hawakuwa watu wa kanisa. Walitoka upande wa mtoni, watu wenye ng'ombe na midomo, na walizoea kwamba posa ni pombe. Perisi hakupika pombe tangu abatizwe. Lakini uji mchachu wake ulijulikana laini nzima. Alisaga mahindi na mtama juu ya jiwe, akakoroga kwa maji, akautia katika kibuyu kikubwa cha mamake, na kibuyu kile chenyewe ndicho kilichokuwa na kazi yote, kwa sababu kilikuwa hakijawahi kuguswa na sabuni tangu kianguliwe shambani. Kilisuuzwa kwa maji matupu, na uchachu wa jana ukabaki ndani ya ngozi yake kuuchachua wa kesho. Kila mwanamke alijua hivyo. Mimi pia nilipaswa kujua, lakini nilikuwa nimekulia mahali ambapo uji ulipikwa na watu wengine. Eunike alikuwa amemtania Perisi mbele ya chanja nzima: "Wape chai, dada. Huo uji wako ni mdogo wake pombe." Na Perisi akajibu, "Na wewe ni mdogo wake Farisayo." Wakacheka. Nakumbuka walicheka, kwa sababu baadaye Perisi alisema hapakuwa na mzaha.

Siku tatu kabla ya wageni, nilirudi mapema kutoka darasani. Mwalimu wetu siku hiyo alikuwa ametufundisha juu ya moyo. Alileta chungu kichafu na kipande cha sabuni nyekundu ya dawa, akakisugua chungu mbele yetu mpaka kikang'aa, akasema moyo nao ni chombo, na kwamba huwezi kumimina kitu safi katika chombo kichafu. Somo liliniingia kama moto. Nilitembea maili mbili nikiwa nimewaka, natafuta cha kusafisha, na nilipofungua mlango, cha kwanza nilichokiona ni kibuyu cha Perisi. Kilikuwa kwetu kwa sababu chumba chetu kilikuwa na joto zaidi. Alikileta asubuhi kikiwa kitupu, akasema atakuja kukitilia unga jioni. Nilichungulia ndani. Kilikuwa cheusi, kina utando, na harufu yake ilinipiga puani. Nikaona huruma. Naapa nilichoona ni huruma. Nilichemsha maji, nikachukua sabuni nyekundu niliyopewa darasani, nikatia mchanga mwembamba, nikasuuza na kutikisa na kusugua kwa gunzi lililofungwa kijitini, maji matatu, maji manne, mpaka ndani kukawa kweupe. Nikakianika juani nikiimba. Wakati wa jua kushuka nilikirudisha pale pale. Nilitaka Perisi ashangae. Perisi alikuja akiwa na mafua ya Julai, pua imeziba kabisa, akamimina mchanganyiko wake ndani ya kibuyu, akakifunika, akaenda zake. Nilingoja anisifu, hakuona kitu.

Wageni walipofika walikuwa kumi na mmoja. Mimi na Eunike tulikuwa tukisaidia kugawa. Perisi aliupika uji ukatoa povu jeupe ambalo uji haupaswi kutoa, na kwa kuwa hakuweza kunusa wala kuonja vizuri, aliumimina katika bakuli na kumpa mzee wa wageni kwa mikono miwili, amepiga goti. Mzee alinywa. Akashika mdomo. Akageuka pembeni akatema, na akasema kwa sauti ya upole ambayo ilikuwa mbaya kuliko matusi, "Tuliambiwa Wakristo hawanywi pombe. Hatukuambiwa wanakunywa sabuni." Wenzake wakacheka. Perisi hakucheka. Alikuwa amebaki pale pale chini, goti moja limekunjwa, na uso wake ulikuwa umezeeka. Posa haikuvunjika, niseme hivyo mapema msije mkahuzunika bure. Yule binti aliolewa na kijana yuleyule na wakazaa watoto tisa. Lakini siku ile watu waliondoka mapema, na wimbo wa sabuni uliimbwa upande wa mtoni kwa muda mrefu.

Walipokwenda, Perisi aliingia kwetu bila kubisha. "Eunike," alisema, "uji wangu ulikukosea nini?" Eunike hakuelewa. "Ulisema ni mdogo wake pombe. Ukaona heri unitie aibu kuliko niwape wageni kitu kichachu. Si ndiyo?" Eunike akasema, "Perisi, sikugusa kibuyu chako." "Kilikuwa kwako!" "Sikukigusa." Perisi alitutazama sote wawili, akachukua kibuyu chake kifuani kama mtoto mgonjwa, akatoka. Ndipo Eunike akanigeukia. Aliuliza mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, akifunika moto kwa majivu. "Wambui, wewe unajua chochote?" Nilikuwa nimesimama chini ya ile kamba ya nguo. Ningeweza kusema. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nilimwona Perisi amepiga goti, nikauona uso wa yule mzee, nikasema, "Sijui, maitu." Maitu ni mama kwa Kikuyu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo. Akasema, "Haya," na tukala viazi.

Kuanzia siku ile ukuta haukugongwa. Sijui kama mnaweza kuelewa ukimya huo. Tuliamka wenyewe, na wakati mwingine tulichelewa. Kwenye chanja, Perisi alihamia mwisho wa safu. Eunike angesema somo lake, kwamba kahawa mbovu huonekana vizuri ikishakauka, au jambo jingine kama hilo, kisha angetua kidogo, akingoja jibu kutoka upande wa pili, na jibu halikuja, na wanawake wakaendelea kugeuza. Baada ya muda aliacha kusema. Agosti nzima, Septemba nzima. Wakati mmoja barua ilitoka kizuizini, na mimi nikaisoma, na ilikuwa na mistari mizima mitano ambayo haikukatwa. Eunike alisimama ghafla kwa furaha, akainua ngumi kuelekea ukutani, kisha akaishusha. Nililia siku hiyo nikasema ni moshi. Nilikuwa nikimpenda kuliko mtu yeyote duniani na kila siku nilimwibia rafiki yake. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Jioni nilikariri majibu yangu ya darasa kwa sauti, na Eunike, asiyejua kusoma, aliyashika kwa masikio na kunisahihisha nilipokosea.

Alhamisi ya wiki ya Meza, Mzee Zakaria aliegemeza baiskeli yake ukutani, akaingia na kopo lake, akaketi kitandani. Eunike alimpa chai. Alikunywa yote kwanza, kama kawaida yake, kisha akauliza, "Una neno na mtu?"

"Sina," Eunike akasema. "Perisi ndiye ana neno na mimi."

"Ameniambia. Anasema uliharibu uji wake mbele ya wakwe."

"Sikuuharibu, Mzee."

"Nani basi? Sabuni haitembei."

"Sijui. Niliuliza hapa nyumbani. Mtoto amesema hajui." Alichukua kikombe kitupu cha Mzee. "Na kama mtoto wangu amesema hajui, hajui. Siwezi kwenda kwa Perisi kutubu kitu sikufanya, na siwezi kumtwika mtu mwingine."

Mzee Zakaria alilitikisa kopo polepole. "Basi yako itabaki hapa, na ya Perisi pia. Nyinyi wawili! Nilidhani siku moja nitanyima mlima na mvua kadi, lakini si nyinyi." Alionekana kuumia kweli. "Na huyu msichana, nitamtafutia mdhamini mwingine. Mke wangu atasimama naye. Hakuna sababu yeye aumie kwa ugomvi wa wakubwa."

"Asante, Mzee," Eunike akasema. "Nilikuwa nimeogopa hilo. Asante sana."

Alishukuru. Nataka mwone jinsi mambo yalivyokuwa yamenipangikia vizuri. Nilichohitaji kufanya ni kufunga mdomo. Jumapili ningeinamisha kichwa, ningepata maji, ningepata jina langu, na hakuna mtu duniani angejua. Mzee Zakaria akanigeukia akaanza kunipima, kama walivyofanya kabla ya kila ubatizo. Aliniuliza nani aliniumba, nikajibu. Aliniuliza amri ni ngapi, nikajibu. Kisha akauliza, "Dhambi ni nini?" Jibu lake lilikuwa mistari miwili, ningeweza kulisema nikiwa usingizini. Nilifungua mdomo nikasema mstari wa kwanza, na Eunike, ambaye alikuwa amenyimwa kadi yake dakika ile ile, alikuwa ananitazama huku midomo yake ikicheza kimyakimya, akinisaidia kusema mstari wa pili. Nikakwama. "Sabuni," nikasema.

"Nini?" akauliza Mzee.

"Ni mimi. Nilikiosha. Nilikuwa nimefundishwa habari ya moyo, nikakiosha kwa sabuni na maji ya moto. Nilidhani kimechafuka. Maitu hakujua. Aliniuliza nikamdanganya."

Mzee Zakaria aliweka kopo chini. Eunike aliinuka, akanishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, akanitoa nje, akabisha mlango wa chumba cha tano. Perisi alifungua akiwa na mwiko mkononi. "Mwambie," Eunike akasema. Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yakizidi kupanuka. "Ati kwa sabuni?" akasema. "Kibuyu cha mamangu? Ati na mchanga? Uui! Ngai!" Nilidhani atanipiga na ule mwiko, na ningefurahi. Badala yake alianza kucheka, kicheko kile cha zamani, mwili wote, akaegemea mlango, "Kwa sababu ya moyo! Uui, mtoto huyu!" na katikati kicheko kikageuka kuwa kilio, akauacha mwiko ukaanguka. "Eunike," akasema, "nimekunyima salamu tangu Julai. Nikiwa nasikia ukikohoa hapo ukutani nikanyamaza." Wakashikana mikono mlangoni, wakalia kama wasichana, na Mzee Zakaria, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alitoa kadi mbili kwenye kopo akawapa. Kisha akatoa penseli kutoka nyuma ya sikio, akafungua daftari lake, akalikata jina langu. "Si adhabu," aliniambia. "Utangoja Meza ya Desemba. Mtu aliyedanganya miezi mitatu anahitaji kungoja kidogo, aone kama ukweli unamkaa." Alikuwa na haki, na alilisema kwa upole.

Basi mnadhani Eunike alinikumbatia. Hapana. Alirudi ndani, akapika, akanipakulia, akasema, "Kula." Ijumaa hivyo hivyo. Jumamosi alifua nguo zangu pamoja na zake, akazikunja, akaziweka kitandani, na hakuniangalia. Ukuta uligongwa asubuhi zote mbili, na yeye aliugonga kwa furaha, kisha akanigeukia uso uliofungwa. Nilikuwa tayari nimefunga vitu vyangu katika shuka kwa sababu nilijua nitaambiwa niondoke.

Jumapili tulipanda lori la shamba kwenda Thika, wanawake wote wamevaa vitambaa vyeupe kichwani. Perisi na Eunike waliketi bega kwa bega. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na watoto. Kanisani niliwatazama wenzangu wa darasa wakibatizwa mmoja mmoja. Kisha ikatangazwa, kama kawaida, kwamba wasio na kadi watoke ili Meza iandaliwe, nikatoka na watoto na wale wa darasa jipya. Niliketi juu ya nyasi karibu na ukuta wa kanisa, mahali ambapo unasikia wimbo lakini husikii maneno. Walikuwa wameanza wimbo wa kupitisha mkate niliposikia mlango. Alikuwa Eunike. Alitembea moja kwa moja mpaka nilipokuwa, akaketi juu ya nyasi na sketi yake ya Jumapili. Kadi yake alikuwa nayo mkononi. Mlangoni alikuwa amekataa kuitoa.

"Maitu, rudi," nikasema. "Wanaanza. Mkate unapita."

"Siwezi. Mzee aliniuliza nina neno na mtu, nikajibu haraka." Alikuwa anapumua kwa nguvu kama aliyekimbia. "Nina neno na wewe."

Nikavuta miguu nikamgeukia.

"Ulinifanya nimwapie Mzee uongo. Nilisema mtoto wangu hajui. Nililisema kwa kiburi, Wambui, nilikuwa najivuna na wewe! Miezi mitatu nilikuwa nimelalia neno lako kama mto. Nimekasirika. Tangu Alhamisi nimekasirika, na nilitaka kwenda kula mkate nikiwa nimekasirika hivyo, kwa sababu nimeukosa sana." Alikuwa akilia sasa, waziwazi, bila kujifuta. "Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Basi. Limekwisha. Nimelisema limekwisha." Akanivuta kichwa akakiweka mapajani mwake, kwa nguvu, vibaya, mpaka kitambaa changu kikatoka. "Na uvifungue vile vitu vyako ulivyofunga kwenye shuka. Nani alikufukuza?"

Nilimwomba tena arudi, mkate usimpite. Alitega sikio. Ndani wimbo ulikuwa umefika mwisho, na kulikuwa na ule ukimya ambao ukiwa nje unajua maana yake, kwamba sahani imerudi mbele na imefunikwa kwa kitambaa. "Umeshapita," akasema. Aliketi hapo hapo, akinisuka nywele kwa vidole vyake vilivyozoea kahawa, na hakutoa somo lolote. Alikuwa ameungoja mkate ule tangu Julai.

Nilibatizwa Desemba, na jina Loisi nikapewa, na watu wamenijua kwalo kwa zaidi ya miaka sitini. Lakini mtu akiniuliza niliokoka lini, huwa sitaji Desemba. Nasema ni Jumapili moja ya Oktoba, juu ya nyasi kule Thika, nikiwa ningali naitwa Wambui, siku ambayo mwanamke mmoja mwenye kadi halali mkononi alikosa mkate kwa ajili yangu.